Kimeota

Watu wa kiwanda kile walijuana kwa macho. Ukishavaa ovaroli nyeupe ya kukufunika utosini mpaka unyayoni, ukafunga barakoa na kuvuta glovu juu ya mikono ya ovaroli, umekwisha. Huna pua, huna mdomo, huna nywele wala umbo. Macho tu ndiyo yanayobaki. Ndiyo maana msichana mmoja wa kujaza chupa wakamwita Kope, kwa zile kope zake ndefu zilizochungulia juu ya barakoa, na jina la nyumbani akaliacha hukohuko nyumbani.

Na ndiyo maana alimpenda mtu kabla hajaiona pua yake.

Mtu huyo walimwita Sahani. Alikuwa wa maabara, na kazi yake ilikuwa kutega vijidudu. Kila zamu ya asubuhi ilipokwisha aliingia chumba safi, kile walichojazia chupa za dawa ya macho, na trei ya visahani vya plastiki vyenye jeli. Aliviacha wazi kando ya mashine ili chochote kinachoelea hewani kidondokee humo. Tena kila mfanyakazi aliyetoka, Sahani alimnyooshea kisahani kimoja, mfanyakazi akabonyeza ncha za vidole kwenye jeli, glovu zikiwa bado mkononi. Visahani vyote vikaenda kulala kwenye kabati la joto. Kijidudu hakionekani, lakini kipe chakula, kipe joto, kiache siku kadhaa, kitazaana mpaka kiwe doa la kuonekana hata na bibi aliyesahau miwani. Visahani vikitoka vitupu, dawa inakwenda kwa wagonjwa. Doa likitokea, maabara walikuwa na neno moja tu: kimeota.

Wanawake wa kujaza chupa hawakukosa la kusema juu ya neno hilo. "Wenzako tunaota usiku," walimtania Kope, "wewe unaota mchana, tena umesimama wima."

Baina ya chumba safi na chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na kichumba kidogo, upana wa bafu, chenye milango miwili ya kioo na taa mbili. Mlango mmoja haukufunguka mpaka mwingine ujifunge kabisa, ili hewa ya nje isipate njia ya kuingia ndani. Kope akitoka, Sahani akiingia, walikutana hapo wakisubiri taa nyekundu igeuke kijani. Pumzi chache tu, kila siku. Kisahani kimoja kati yao, vidole vyake juu, mkono wa Sahani chini. Sahani aliuita uchumba wa kichumbani. Kope aliucheka siku nzima ule mzaha, kimoyomoyo, kwa sababu ndani ya chumba safi mtu hacheki.

Siku hiyo taa ilikataa.

Mlango wa ndani ulijifunga nyuma ya Kope, ule wa nje ukajifunga nyuma ya Sahani, kufuli zikalia *kla, kla,* na taa zote mbili zikabaki nyekundu. Wakasubiri. Kope akausukuma mlango wa nje kwa bega. Ukuta.

"Jamani, mko wangapi humo?" Sauti ya fundi ilikwaruza kwenye spika ya ukutani.

Kope akabonyeza kitufe. "Wawili."

"Wawili nani na nani?"

Sahani akawahi kuinama kwenye spika. "Mimi wa maabara, na dada mmoja wa kujaza chupa."

"Dada mmoja!" Fundi alicheka mpaka spika ikapiga mluzi. "Haya, wewe na dada mmoja, tulieni. Kufuli zimegoma. Kila moja inadhani mwenzake iko wazi, kwa hiyo kila moja inamngoja mwenzake. Kile kioo cha dharura msikivunje! Mkikivunja milango yote inaachia kwa mpigo, uchafu wa huku unaingia huko, na kina mama wa usafi watasugua kuta huku wanawalaani. Nipeni muda nikafungue boksi la nyaya."

Spika ikanyamaza. Kope aliachia kitufe, akageuka, akakutana na macho mengine upande wa pili wa kioo cha nje.

Alikuwa Msimamizi wa chumba safi. Nyumbani Kope alimwita Shangazi, maana ndiye dada wa baba yake, aliyemchukua akiwa mtoto wa shule ya msingi baada ya mama kufariki, akamlea na kumwingiza kazini. Lakini geti la kiwanda lilikuwa na sheria yake: ukilipita, hakuna shangazi. Kuna Msimamizi. Alikuwa amekunja mikono kifuani, anatazama kichumba kama mtu anayetazama maziwa motoni. Kusikia hakuweza, mpaka kitufe kibonyezwe. Kuona aliona vyote.

"Usimtazame," Sahani alinong'ona.

"Nitazame wapi? Humu kuna kuta nne na wewe."

"Tazama sakafu. Sisi ni watu wawili tunaosubiri fundi."

Kope akaitazama sakafu. Ilikuwa safi mpaka ikakosa cha kutazamwa. "Una nini leo? Unahema kama umepanda ngazi."

"Nina neno. Nilitaka nikuambie huko nje, tukiwa na midomo."

"Mdomo si unao ndani ya barakoa? Sema."

Sahani alihamisha trei yake kutoka mkono huu kwenda ule. Visahani vipya vilikuwa vimefungwa humo kwa nailoni.

"Shangazi yako amekubali."

Kope alisahau sakafu. "Amekubali nini?"

"Mimi. Amesema atazungumza na mumewe. Yule Bwana Magodoro apelekewe jibu la hapana, na mimi nilete wazee wangu."

Kope akaegemea ukuta ingawa sheria ilikataza kuegemea. Bwana Magodoro! Mtu mzima aliyefiwa na mke, mwenye duka la magodoro, rafiki wa mume wa Shangazi, ndiye aliyeleta posa. Jibu lake lilikuwa litolewe Ijumaa hii. "Ana adabu, ana nyumba, tena hana mama wa kukunyanyasa," Shangazi alikuwa amesema. Kope alipouliza, "Na kama simtaki?" alijibiwa, "Utamtaka. Kutaka huja nyuma." Na kuhusu Sahani, Shangazi aliwahi kuongea mara moja tu, akikuna nazi bila kuinua kichwa: "Yule anayehesabu uchafu wa wenzake? Mwanamume gani anatongoza katikati ya milango? Hana hodi?"

Sasa amekubali. Kope alitaka kupiga kelele, alitaka kuvua ile barakoa na kumwonyesha mtu huyu jinsi uso wake ulivyo ukifurahi. Akamtazama machoni.

Macho yale aliyajua kuliko ya kwake. Sahani akicheka, ngozi ya pembeni ya macho hujikunja mikunjo midogo kama karatasi ya pipi. Leo haikujikunja.

"Mbona macho yako hayacheki?"

"Kwa sababu kimeota, Kope."

"Nini kimeota?"

"Kisahani cha vidole. Mkono wa kulia."

"Mkono wa nani?"

Feni ya chujio la hewa iliendelea kuvuma juu ya vichwa vyao, haina habari na mtu.

"Sahani. Wa nani?"

"Wako."

Kope alijua ni siku gani. Hakuhitaji kuambiwa. Wiki iliyopita, Shangazi akimfungia zipu ya ovaroli shingoni, alikuwa amemwambia polepole, "Ijumaa ijayo watu wa Bwana Magodoro wanakuja kuchukua jibu. Nimeshawadokeza kuwa ni la furaha. Haya, ingia kazini." Akaingia. Ndani ya chumba safi mtu hatakiwi kukohoa, hatakiwi kupiga chafya, na kuhusu kulia hakuna hata aliyewahi kuandika sheria, maana nani angelia humo? Chozi moja lilining'inia kwenye hizo kope wanazozisifu. Chupa mbele yake zikawa ukungu. Angepaswa kuinua mkono, atoke, abadilishe glovu, arudi. Lakini njia ya kutokea ilipita mbele ya Shangazi. Akapangusa jicho kwa vidole viwili, upesi, na mkono uleule ukarudi kusimamisha chupa iliyolala mashineni.

"Nililia," alisema.

"Najua. Shangazi yako anajua pia. Alikuona kupitia kioo siku ile, akanyamaza akiomba kisiote. Jana alikuja maabara nikiwa nakisoma. Akasimama nyuma yangu. Alipoliona doa akafunga mlango." Sahani aliikumbatia trei. "Kope, yule mama hajawahi kuniita kitu zaidi ya 'wewe wa maabara'. Jana aliniita mkwe."

"Mkwe?"

"'Mkwe wangu,' akasema, 'visahani huanguka. Hiki kikianguka kikavunjika, nani atalia? Ukishindwa kushika kisahani, mimi nitakupa cha kushika.'"

Kope alihisi joto likimpanda ndani ya ovaroli. Alitamani dirisha, mwanya, tundu la sindano. Kioo kile kiligongwa: Shangazi aligonga kwa pete yake, halafu spika ikawaka.

"Mnaongea nini humo? Hicho si chumba cha maongezi."

Kope alibonyeza. "Tunamsubiri fundi, Msimamizi."

"Msubirini kwa kunyamaza. Na usiegemee ukuta."

Akajitoa ukutani. Akasubiri kitaa cha spika kizime, halafu akauliza bila kumtazama Sahani, "Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Hukukataa."

"Sikukataa."

"Tangu jana umekaa nacho hukukataa."

"Nisikilize kwanza..."

"Nakusikiliza, kwani nitakwenda wapi?"

"Visahani vya hewa vyote vitupu. Mikono ya wenzako yote mitupu. Ni vidole vyako tu. Pengine hakuna chupa hata moja iliyodhurika. Hata tukichukua chache tukapima, pengine zote zitatoka safi."

"Pengine."

"Pengine, ndiyo."

"Na ile ambayo hukuipima?"

Sahani alitazama trei yake.

"Dawa ile ni ya nani?" Kope aliuliza.

"Kope, unajua ni ya nani."

"Nataka uniambie wewe."

"Ya waliofanyiwa upasuaji wa jicho."

"Iko wapi sasa hivi?"

"Ghalani. Inangoja neno langu. Lori linapakia leo jioni."

"Leo jioni." Sauti yake ilikatika. "Halafu mimi nioge, nipakwe hina, nikae kwenye mkeka na wewe pembeni, watu wanapiga vigelegele, na mahali fulani kuna mama wa watu anadondosha chozi langu kwenye jicho lililochanwa. Ndiyo ndoa uliyotaka kunipa?"

"Nilitaka kukupa ndoa, Kope! Njia nyingine ni hii hapa, itazame." Naye sasa alisahau kunong'ona. "Nikisema kimeota, dawa inateketezwa. Wewe unatolewa chumba safi unapelekwa kwenye maboksi, upande wa pili wa kiwanda. Hiki kichumba hatukutani tena. Shangazi yako anaaibika, na Ijumaa anatoa jibu lake kwa hasira. Nimeligeuza hili jambo kila upande. Nikifungua hapa, pale panafungwa. Nikifungua pale, hapa panafungwa. Nakupenda, nifanyeje?"

Hakuwahi kulitamka neno hilo. Kope alikuwa amelisubiri siku nyingi sana, amejipangia litakavyokuja, taratibu, pengine kwenye kiti cha bustanini. Likaja hapa, limebanwa kati ya kufuli mbili, na mtu aliyelisema ametota jasho. Likamuuma kama linavyouma jambo zuri likifika limechelewa.

"Usinipendee hapo, penye kuficha," alisema taratibu. "Nipendee pengine. Hapo si pangu."

Sahani aliinua macho. Yalikuwa mekundu, na Kope akaona kuwa huyu mtu hakulala. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyenyooshewa kitu alichokililia, na mkono wake ulikuwa umeanza kujinyoosha wenyewe.

"Kama ungekuwa mimi..." Sahani alianza.

"Mimi ndiye mimi," Kope alisema, akageukia spika.

Alibonyeza kitufe. Nje, Shangazi aliinua kidevu.

"Nikuite nani sasa hivi," Kope aliuliza, "Shangazi au Msimamizi?"

"Uko kazini. Unajua jina langu la kazini."

"Basi Msimamizi, natoa taarifa. Wiki iliyopita, siku tuliyojaza dawa iliyoko ghalani, nililia ndani ya chumba safi. Nilipangusa chozi kwa mkono wa kulia na sikutoka kubadilisha glovu. Nikashika chupa. Kosa ni langu."

Nyuma ya Shangazi wanawake wa zamu ya mchana walikuwa wakivaa. Mmoja alibaki na mguu mmoja ndani ya ovaroli, mwingine nje, kama korongo.

"Zima hiyo spika," Shangazi alisema.

"Nimemaliza na Msimamizi. Sasa naongea na Shangazi." Kope alisikia sauti yake ikitetemeka akaiacha itetemeke. "Shangazi, umenilea. Nguo ya shule ulinishonea wewe. Usinioze kwa kisahani kilichovunjika. Bora unikatalie mpaka nizeeke."

Shangazi alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, na alipoongea hakuwa Msimamizi hata kidogo.

"Mimi nilikuwa nakufunika wewe, mtoto. Nilikuona umelia, nikajua ni mimi niliyekuliza. Nikasema basi, nimpe huyu kijana anachotaka, nikupe wewe unachotaka, mambo yaishe kimya. Ulidhani nilikuwa nauza?"

"Najua hukuuza, Shangazi."

"Basi ungenyamaza."

"Nilinyamaza siku ile. Ndiyo haya."

"Samahani," sauti ya fundi ikakwaruza, ndogo, yenye adabu mpya. "Mimi bado niko kwenye laini hii. Nauliza tu... niendelee kufungua, au niwaache kidogo?"

Sahani aliweka trei chini, akainama kwenye spika, bega lake likigusa bega la Kope. Hawakuwahi kugusana hivyo, ovaroli kwa ovaroli. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka koridoni:

"Msimamizi, kimeota. Vidole vya mkono wa kulia, chumba safi. Nilipaswa kusema jana na sikusema, hilo nalo nitalijibu mwenyewe. Dawa isipakiwe. Nikitoka hapa nakwenda ghalani kuizuia kwa mkono wangu."

Yule mwanamke wa mguu mmoja ndani ya ovaroli akaingiza wa pili. Shangazi alifumba macho, akayafumbua. Hasira ilirudi, na ndani yake kulikuwa na kitu kingine ambacho Kope alishindwa kukisoma, labda uchovu, labda nafuu.

"Vizuri. Kesho unaripoti kwenye maboksi," alimwambia Kope. "Na huyo, anisikie vizuri. Kwangu hakanyagi. Si Ijumaa, si siku yoyote."

"Atasimama nje, Shangazi," Kope alisema. "Nitamtolea kiti."

Mmoja wa wanawake aliguna kicheko, akakizima upesi kwa mkono. Shangazi hakugeuka.

"Na watu wa Ijumaa nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli. Au waache waje, niwaambie mimi."

Shangazi alimtazama. Alimtazama kama aliyemtuma mtoto dukani na anayerudi ni mtu mzima. Kisha akaondoka kwenye kioo, akiwapungia wale wanawake wamalize kuvaa.

*Kla.* Taa ya mlango wa nje ikawa kijani.

"Tokeni mmojammoja," fundi alisema. "Na dada mmoja... hongera. Au pole. Sijui kipi."

Kope aliushika mlango. Ulikuwa mwepesi, kana kwamba haukuwahi kukataa. Akitoka hapa, kesho angeingia kwa geti lilelile na kupinda upande mwingine, kwenye gundi na maboksi, na kichumba hiki kingebaki cha watu wengine. Jicho lilikuwa limejaa tena. Safari hii hakulizuia. Alipangusa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, mbele ya kioo, mbele ya yeyote anayetazama.

"Hujanipa kisahani," alisema.

"Kope, zamu imeharibika, hakuna haja tena."

"Ndiyo utaratibu. Anayetoka anabonyeza."

Sahani alipasua nailoni, akatoa kisahani kimoja, akafunua kifuniko na kukinyoosha. Kiganja chake chini, kama siku zote. Kope alibonyeza vidole vyake vilivyolowa, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Jeli ilishika alama.

"Andika jina langu," alisema. "La nyumbani. Umekuwa ukiniita Kope mno."

Akamwambia jina hilo, kwa sauti ya chini, na Sahani akaliandika kifuniko kikiwa kwenye goti. Aliposimama, pembeni ya macho yake ile mikunjo midogo ilikuwa imeanza kurudi, ingawa macho yenyewe yalilowa.

"Una vidole vya chozi," alisema. "Hiki hakitatoka kitupu. Kitaota tu."

Kope alishusha barakoa. Kwa mara ya kwanza ndani ya kichumba kile alimwonyesha mdomo wake, pua yake, mashavu yenye alama ya kamba, uso mzima.

"Kiache kiote," alisema, akatoka.